Kidole cha Dada na gurudumu la cherehani

Julai 2019, asubuhi, nilikuwa barazani kwangu namalizia sare za shule. Mke wangu alikuwa amempakata binti yetu, miezi 11 wakati huo. Kunguru akatua juu ya mnazi wa jirani. Mtoto akanyoosha kidole, akasema "e!", kisha akageuza shingo kunitazama mimi. Akarudi kwa kunguru. Akanigeukia tena. Hakuwa anaomba kupewa yule ndege. Alitaka nami nimwone.

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali. Chini yangu, pembeni ya cherehani, alikuwa amechuchumaa kaka yake, miaka mitatu na miezi minne, macho yameganda kwenye gurudumu kubwa la chini. Lilipoacha kuzunguka akaguna. Nikajiuliza: huyu aliwahi lini kuninyooshea kitu nikione? Nikamuuliza mke wangu. Akafikiri sana, akatikisa kichwa. Usiku ule hatukulala.

Tunaishi Tanga. Mimi ni fundi cherehani, sina elimu ya udaktari. Majina ya wanangu nayaweka kando. Nyumbani mkubwa ni Kaka na mdogo ni Dada, nami nitawaita hivyo hivyo. Naandika kwa sababu Kaka ana usonji (kwa Kiingereza autism), yaani ubongo wake umekua kwa namna inayofanya kuwasiliana na kushirikiana na watu kuwa kugumu, na kila wiki hakosi mzazi wa kuniuliza, "Baba Kaka, mlifanyaje mpaka akasema?" Jibu halitoshi kusimama nalo mlangoni.

Kaka alizaliwa Machi 2016. Alitembea akiwa na miezi 13, hakuwa mlizi, wageni walimsifu kwa upole. Ukimwita kwa jina hageuki, lakini mfuko wa biskuti ukichakarika chumba cha pili anatokea mara moja. Alipotimiza miaka miwili hana neno. Tukaambiwa wavulana huchelewa. Bibi mmoja wa mtaani akasema hata mimi nilichelewa, nami nikalishika hilo kama cheti.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu kila siku. Akitaka maji, Kaka alinishika kiganja, akanivuta hadi kwenye ndoo, akaviweka vidole vyangu juu ya kikombe. Usoni hanitazami hata kidogo. Nilijisifu kwamba mtoto ana akili, anajua kujieleza. Ni kweli ana akili. Ila sikuona kwamba anautumia mkono wangu bila kunihesabu mimi mwenye mkono.

Nitasema makosa yetu yote. La kwanza, tuliambiwa ana udata, yaani ulimi wake umeshikwa chini, ukikatwa atasema. Tukampeleka akakatwa. Siku tatu hakula, alilia kila uji ulipomgusa mdomoni, na neno halikuja. Wapo watoto ambao ulimi wao umeshikwa kweli, na tatizo hilo huonekana kwenye kunyonya au kwenye namna ya kutamka. Lakini mtoto asiyejaribu hata kukuonyesha kitu kwa kidole, shida yake haiko chini ya ulimi. Baadaye tukaenda kwa mganga. Shilingi 250,000 na mbuzi mmoja. Pesa hiyo ingetosha vikao sita vya mtaalamu, na hesabu hiyo bado inaniuma.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu mwenyewe. Niliamua kumfundisha maneno kwa nguvu. Nilibandika ukutani picha za wanyama na matunda. Nilikinyanyua kikombe cha maji juu na kusema, "Sema maji. Sema maji ndiyo nikupe." Analia, mimi nasubiri. Nilimshika kidevu nikamgeuza: "Nitazame!" Akafumba macho. Nilimnyima maji mtoto mwenye kiu kwa kitu ambacho hakuwa na njia ya kukifanya. Nimemwomba Mungu msamaha kwa hilo, na Kaka nimemwomba pia, ingawa sijui alielewa kiasi gani.

Baada ya siku ile ya kunguru tulikwenda hospitali, tukaambiwa tungoje afike miaka mitano. Tungengoja kweli, kama si mpwa wangu aliyekuwa akisomea uuguzi Dar es Salaam. Alipiga simu: "Mjomba, usingoje. Anza na kipimo cha masikio, kisha kliniki ya watoto." Tukapanda basi. Masikio yalikuwa mazima. Novemba 2019, baada ya safari tatu na maswali mengi, tukaambiwa ni usonji.

Mke wangu alilia ndani ya basi kutoka Ubungo mpaka Chalinze. Mimi sikulia, nilikaa nahesabu. Na katika hofu ile nikafanya kosa jingine. Mtu alinitumia ujumbe kwamba chanjo ya surua ndiyo inayoleta usonji, na Dada alikuwa hajachomwa ya pili. Nikaichelewesha. Mpwa wangu aliposikia alikuja juu. Akanieleza kwamba maneno hayo yalianzia kwenye makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu, na jarida la kitabibu la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Watoto wengi mno wamechunguzwa tangu hapo, na uhusiano haukuonekana. Dada akachomwa wiki iliyofuata.

Sasa nifike kwa yule mtaalamu wa tiba ya usemi, maana hapo ndipo kila kitu kiligeuka. Kikao kimoja kilikuwa shilingi 40,000, dakika 45. Tulikuwa na uwezo wa vikao sita. Nilitegemea aanze na "sema ba, sema ma". Yeye alivua viatu, akakaa sakafuni karibu na Kaka, akauliza, "Baba, huyu anapenda kutazama nini?"

Niliona aibu kujibu. "Gurudumu la cherehani, dokta. Anaweza kulitazama saa nzima. Tunamkataza."

"Msimkataze tena. Baba, wewe umekuwa ukimvuta aje kule unakotazama wewe. Nenda wewe kule anakotazama yeye."

Akachora pembe tatu kwenye karatasi: pembe moja mtoto, pembe moja mzazi, pembe moja kitu. Akasema watoto wengi, bila kufundishwa, huanza kuziunganisha pembe hizo kabla ya neno la kwanza. Kwanza hufuata macho ya mtu mzima. Watafiti Michael Scaife na Jerome Bruner waliandika juu ya hilo mwaka 1975. Halafu, kati ya miezi 9 na 14 hivi, wengi huanza wao wenyewe: wananyoosha kidole, wanainua kitu ukione, wanatazama kitu na kukutazama wewe. Yeye aliita jambo hilo umakini wa pamoja. Nikamwambia habari ya kunguru. Akasema, "Ndiyo. Dada alikuwa anakualika."

Akanitenganishia mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nayachanganya. Kuna kuomba, na kuna kuonyesha. Mtoto anayeomba anataka kitu. Mtoto anayeonyesha anataka wewe uwe naye katika kukitazama. Watoto wengi wenye usonji hujifunza kuomba kwa njia zao, kama Kaka na ndoo ya maji, lakini kuonyesha ndiko kunakowawia kugumu. Na hata hapo kuna pande mbili: kuitikia, yaani kufuata kidole cha mwenzako, na kuanzisha wewe mwenyewe. Kuitikia mara nyingi huja kadiri mtoto anavyokua. Kuanzisha hubaki nyuma.

Nilimuuliza, hayo yanahusianaje na kusema? Jibu lake nililibeba mpaka Tanga. Mtoto hajifunzi neno kwa kulisikia tu. Lazima ajue neno hilo ni la kitu gani. Mama anaposema "kunguru", Dada anatazama macho ya mama yameelekea wapi, analiunganisha neno na ndege. Mwaka 1997 mtafiti Simon Baron-Cohen na wenzake walionyesha kwamba watoto wengi wenye usonji hawayatumii macho ya msemaji namna hiyo. Neno wanalibandika kwenye kile wanachokitazama wao wakati huo. Nikafikiria miaka mitatu niliyotumia kusema "maji", "paka", "ndizi" huku mwanangu akitazama gurudumu. Hakuwa mkaidi. Inawezekana nilikuwa namfundisha kwamba gurudumu linaitwa ndizi.

Mwaka 1986 watafiti Michael Tomasello na Jeffrey Farrar waliona, kwa watoto wasio na usonji, kwamba neno likitajwa juu ya kitu ambacho mtoto tayari anakitazama linashika vizuri zaidi kuliko kumgeuza atazame kingine. Peter Mundy, Marian Sigman na Connie Kasari nao, mwaka 1990, walifuatilia watoto wenye usonji na kuona kwamba ishara za umakini wa pamoja zilitabiri lugha iliyokuja baadaye. Na utafiti wa Michael Siller na Marian Sigman wa mwaka 2002 ndio ulionitoa machozi ambayo sikuyatoa kwenye basi. Wazazi waliofuata anachokishughulikia mtoto, wakakizungumzia hicho hicho bila kumwamuru, watoto wao walikwenda mbali zaidi kwa lugha miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimemwamuru mwanangu kila siku.

Mtaalamu hakuniahidi kitu, na mzazi anayeahidiwa awe mwangalifu. Aliniambia wazi kwamba inakadiriwa karibu theluthi ya watoto wenye usonji hubaki na maneno machache sana au bila maneno. Hata Leo Kanner, daktari aliyewaeleza watoto 11 mwaka 1943 kule Baltimore, aliandika kwamba wanane walikuja kusema na watatu hawakusema. Mtaalamu wetu alisisitiza pia kwamba umakini wa pamoja si kukaziana macho. Wapo watu wenye usonji ambao macho ya mtu yanawaumiza, na wanashiriki nawe kwa kusogea, kwa kusikiliza, kwa kugusa kile unachokigusa. Kidevu cha Kaka sikukishika tena.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Sare zikaacha kuagizwa. Njaa ilitukaribia mwaka ule, sitaificha, mke wangu aliuza maandazi ndipo tukala. Lakini mimi nikawa na kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho: muda.

Nilichomoa sindano, nikafungua mkanda, nikabakiza pedali na gurudumu. Nikakaa chini sakafuni upande wa pili, uso wangu ukiwa usawa wa macho yake, gurudumu katikati yetu. Nikalisukuma kwa mkono. Likizunguka nasema neno moja, "Zunguka." Likisimama, "Limesimama." Basi. Hakuna "hii ni nini?", hakuna "sema". Kisha nalishika lisiende, na nangoja, nahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kungoja ndiko kugumu. Mdomo wa mzazi unawasha.

Wiki ya kwanza alikuwa ananisukuma mkono niondoke. Wiki ya pili alinivumilia. Wiki ya tatu alianza kunishika vidole na kuviweka kwenye gurudumu, kama kwenye ndoo ya maji. Mke wangu akaniuliza kama bado naona kuna faida. Nikasema sijui.

Siku moja baada ya futari, taa imewashwa barazani, nikalishika gurudumu kama kawaida. Moja, mbili, tatu. Kaka analitazama. Nne, tano. Akavitazama vidole vyangu. Sita. Macho yake yakapanda mkononi, begani, yakafika usoni kwangu, yakakaa hapo muda wa kupepesa mara moja, yakarudi kwenye gurudumu. Nikalisukuma kwa nguvu zote. "Zunguka!" Akacheka. Nikalishika tena, akanitazama tena. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi, hakuthubutu kusogea.

Kuanzia hapo macho yake yalikuja mara kwa mara. Tukahamia kwenye vitu vingine: bobini inayobingirika sakafuni, kopo la vifungo, maji yanayomiminika. Kila mahali kanuni ile ile: anatazama nini, nami nipo hapo hapo, neno moja, nangoja. Julai mwaka ule, akiwa na miaka minne na miezi minne, nimelishika gurudumu, akanitazama akasema, "Tena." Herufi ya mwisho ilimezwa, lakini ilikuwa "tena".

Maneno yaliyofuata hayakuja kwa mpangilio wa watoto wengine. Mengi yalikuwa mwangwi. Unamuuliza "Unataka maji?" naye anajibu "Unataka maji", akimaanisha anataka. Kwa lugha yetu kosa limejificha kwenye silabi moja, "una" badala ya "na", na ndugu walimcheka. Nilikuwa namkosoa, mpaka mtaalamu akaniambia mwangwi nao ni mawasiliano. Badala ya kuuliza, nilianza kusema kile ambacho yeye angesema: namwonyesha kikombe nasema, "Nataka maji." Akakopi hivyo. Ilichukua karibu mwaka kwa "na" kukaa mahali pake.

Picha nazo nilizikataa mwanzoni, nikiogopa kwamba akizoea kuonyesha picha ataacha kusema. Hofu hiyo haina msingi. Picha na ishara hazizuii usemi, na kwa wengine husaidia. Nilimchelewesha kwa miezi minane kwa ubishi wangu. Sasa tuna daftari la picha, na siku akichoka ndilo anaongea nalo.

Jambo jingine linanichoma. Mama mkwe wangu ni wa Lushoto, na alikuwa akimwimbia Kaka Kisambaa. Mtu fulani alituambia lugha mbili zinamchanganya, nasi tukamwomba bibi anyamaze au aseme Kiswahili. Bibi huyu Kiswahili chake ni cha sokoni. Akawa anakaa na mjukuu kimya. Baadaye tukajifunza kwamba watafiti hawakuona lugha mbili zikiwachelewesha zaidi watoto wenye usonji. Mke wangu alikwenda Lushoto kumwomba radhi mama yake. Kuimba kulirudi, na wakati wa wimbo Kaka humtazama bibi mdomoni muda mrefu kuliko anavyomtazama mtu yeyote.

Kuhusu pesa, baada ya vikao sita hatukuweza kuendelea kila wiki. Nilimwambia mtaalamu ukweli. Akasema kazi yake kubwa ni kunifundisha mimi, si Kaka, kwa kuwa mimi ndiye ninayeamka naye. Tukakubaliana niwe namrekodi kwa simu dakika tatu tu tukicheza, namtumia WhatsApp, na tunakutana naye mara moja kila miezi mitatu. Kujiona kwenye video kulinifunza kuliko maneno. Niliona jinsi ninavyowahi kusema kabla hajapata nafasi. Mzazi mwenye uwezo mdogo, muulize mtaalamu wako kama atakubali mpango kama huo. Na kama mtoto wako ana mwaka mmoja na nusu, hanyooshi kidole wala haleti kitu ukione, nenda ukaulize sasa; atakayekwambia ngoja miaka mitano, tafuta mwingine. Masikio yapimwe kwanza, hata kama unaamini anasikia.

Dada sasa anasoma, anaongea mpaka usingizini. Kwa miaka miwili nilimpima Kaka kwa kumlinganisha na Dada, na hilo lilimuumiza mama yao. Lakini Dada ndiye aliyenifundisha kitu kilichokosekana, na ndiye mwenzake wa kwanza. Akimwonyesha kaka yake kitu hasubiri atazame; anakwenda kukiweka pale macho ya kaka yalipo. Hakuna aliyemwambia.

Kaka yuko kwenye kitengo maalumu cha shule ya msingi. Husema sentensi za maneno matatu au manne, siku nyingine husema moja. Bado hupenda gurudumu. Wiki iliyopita nilikuwa nashona kanzu, yeye anachambua vifungo kwenye kopo kama kawaida yake, vyeupe huku, vyeusi kule. Nikasikia mikono imenyamaza. Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika kifungo kimoja kati ya vidole viwili, amekiinua usawa wa uso wangu.

Nikadhani anataka kifunguliwe uzi. Hakikuwa na uzi. Nikadhani ana njaa.

"Chekundu," akasema.

"Chekundu," nikasema. "Kifungo chekundu."

Akanitazama, akakitazama, akakirudisha kwenye kopo.